Jina Lako Lilibaki Kazini

Grand Népo,

Ni mi Clarisse, mdogo wako wa kazini, yule uliyemkalisha kando ya meza yako ukamfundisha kazi ya kompyuta. Sijui kama huko mnasoma barua. Nakuandikia kwa sababu juzi nimekutoa kwenye mashine, na sitaki uisikie kwa mwingine.

Jumamosi tulikuwa kwenu Carama kwa kuganduka, kumaliza kilio chako. Mjomba wako alisimama, akasema yale maneno yake marefu, unamjua, halafu akatangaza kwamba kilio kimeisha: kila mutu arudi kwenye kazi yake, na mwenye kitu cha marehemu akirudishe. Watu wakapiga makofi, vinywaji vikapita. Mi makofi sikupiga, maana sisi kazini kitu chako tulikuwa nacho bado.

Ile programu ya depo ya dawa, inayopokea oda za vituo vya afya, ilikuwa bado inaingia kwenye hifadhidata kwa jina lako na neno lako la siri. Wewe! Wewe uliyekuwa unatupigia kelele kila siku: "Mutu asiingie na jina ya mutu!" Siku ya kuiwasha mara ya kwanza ulikuwa na haraka, ukaweka lako, ukasema tutabadilisha kesho. Haya, kesho yako hiyo.

Mkuu wetu alishachoka kuniambia kwamba akaunti ya mtu aliyefariki ni mlango usio na mwenyewe. Ana haki. Kila mara nilimjibu nina kazi nyingine. Uongo mtupu. Asubuhi nikiwasha, mashine iliandika "nepo ameunganishwa", na nilipenda kuisoma.

Jumatatu nikafungua akaunti mpya, nikaiita depo, nikaipa ruhusa zako zote. Nikaiandika kwenye faili la mipangilio, kisha nikaifunga yako. Oda zikaendelea kuingia kama kawaida. Nikajipongeza, nikaenda kula.

Kumbe nilisahau somo lako. Programu ikishafungua njia zake za kwenda kwenye hifadhidata, inazishikilia. Ukifunga akaunti, walio ndani wanabaki ndani. Mchana kutwa bado ilikuwa inapita kwako. Na lile faili nililobadilisha halikuwa lenyewe. Lenyewe ulilificha kwenye folda nyingine, sijui ulikuwa unamkimbia nani.

Umeme ukaenda, kama unavyokwenda. Uliporudi, programu ikaanza upya, ikataja jina lako, ikakataliwa. Muuguzi wa kituo cha Ruziba akapiga simu: "Dada, inakatala! Niko na mutoto wa malaria hapa, dawa ya sindano inaisha!" Na depo, bila oda kwenye mashine, haitoi hata kidonge. Nikarudi mbio kwenye mashine, Grand.

Faili lenyewe sikuwa nimeliona bado. Nikakufungulia tena akaunti yako. Nisamehe, kilio kilikuwa kimeisha na nikakuita tena kazini. Mashine ikaandika jina lako, oda ya Ruziba ikapita, gari likaondoka. Jioni muuguzi aliniambia mutoto amepata sindano, amelala.

Baada ya simu hiyo nililitafuta faili taratibu hadi nikalipata. Nikatoa jina lako, nikaweka depo. Nikazima programu, nikaiwasha tena mwenyewe, bila kungoja umeme unifundishe. Halafu nikakufunga. Asubuhi iliyofuata mashine iliandika "depo ameunganishwa", na nililia mbele ya mkuu, akajifanya anatafuta chaja.

Oda ile ya Ruziba ndiyo ilikuwa kazi yako ya mwisho. Nimemwambia mama yako. Alicheka kidogo, akasema hata utotoni ulikuwa mgumu kutoka mahali.

Sasa pumzika, Grand. Jina langu sitaliweka pale, hata siku ya haraka, hata nikiombwa. Sitaki siku moja mutu akae kwenye kiti hiki akilazimika kunifunga.

Mwanafunzi wako,
Clarisse