Masijala ya Darini

Jumatatu, 3 Februari 1997
Vidonge, uji, kisha kiti cha dirishani. Miguu imevimba tena. Uji ameleta Nalongo, mama wa pacha, kabla ya kwenda kuuza nyanya sokoni Owino. Huufunika kwa sahani. "Unywe ungali moto, ssebo." Bwana, ndivyo aniitavyo. Ni mjane wa Kizito, dereva wa ofisini kwetu. Sistahili uji wake.
Dari inavuja juu ya kitanda. Binti yangu Rosa anataka kuita fundi. Nimemkataza. Hajui kwa nini.

Jumatano, 5 Februari
Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyoachiwa na baba, mtu wa reli kutoka Kenya. Wanangu husoma Kiingereza na Kiluganda. Hapa naweza kusema.
Masijala ya serikali ilikuwa mikononi mwangu. Vita vilipoingia mjini, miaka mingi iliyopita, askari waliokuwa wakikimbia walichemsha chai kwa moto wa karatasi zetu. Niliokoa nilichoweza, mafaili ya madereva na matarishi, yakajaa gunia zima la kubebea matoke, ndizi za kupika. Nikayaficha juu ya dari, hapa nyumbani kwangu Kisugu. Hilo sijutii.
Baadaye ikatangazwa kwamba mwenye mali ya serikali airudishe. Waliopora wakatupa viti na magodoro barabarani. Jirani mmoja alibeba mashine ya kuchapia kuirudisha. Vijana wa mtaa walimkamata njiani, wakamwita mwizi, wakampiga hadi akapoteza jicho. Nikasema nitapeleka kesho. Niliogopa. Mkubwa mpya akaniuliza kama kuna faili lililo nje ya ofisi. Nikajibu hakuna. Tangu jibu hilo nimekuwa mwizi kweli.

Ijumaa, 7 Februari
Kizito alikufa katika vita hivyohivyo. Bila faili hakuna ushahidi wa miaka yake ya kazi. Bila ushahidi, mjane hapati pensheni.
Nalongo alikuja dirishani kwangu ofisini mwaka baada ya mwaka, amevaa gomesi yake nzuri, ileile. Mimi ndiye niliyemjibu hivi: "Faili halionekani." Kulishusha darini kungefichua uongo wangu. Mara nyingine niliinuka nikapitisha vidole kwenye rafu, anione nikitafuta. Mapacha wakaacha shule. Hata leo anawaambia majirani kwamba ofisi nzima ni mimi tu niliyemhangaikia.
Mvua kubwa. Godoro limelowa. Kama maji yamefika kwangu, huko juu pakoje? Nimemwambia Rosa aite fundi.

Jumamosi, 8 Februari
Fundi ni Mkongomani, mcheshi. Amepanda, akacheka. "Papa, huku juu iko ofisi muzima. Waziri iko wapi?"
Nikamsikia akifungua gunia. Kisha, polepole: "Mchwa imekula wafanyakazi karibu yote."
Ameshusha gunia. Udongo mtupu, na mabaki ya majalada. Watu niliowajua kwa majina. Nilichowanyima askari nimewapa mchwa.
Faili la Kizito lilikuwa katikati. Pembe moja imeliwa. Barua ya kuajiriwa inasomeka, muhuri upo, picha ipo. Rosa ameuliza, nami nimemweleza. Alikaa juu ya ndoo kwa muda. Hakuniangalia.

Jumapili, 9 Februari
Nimemwita Nalongo alipotoka kanisani. Nimemwambia yote, hata habari ya vidole na rafu. Nikampa faili.
Aliitazama picha tu. Nyumba yao iliungua wakati wa vita. Hakubaki na picha yoyote ya mumewe. Akainua macho kwenye dari.
"Kumbe alikuwa hapa," akasema. "Nami napita chini yake na uji."
Ameondoka bila kuaga. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumatatu, 10 Februari
Hakuna uji.
Rosa amempeleka Nalongo ofisini na faili, pamoja na barua yangu ya kukiri. Wamelipokea faili. Wamesema watalichunguza. Kuhusu mimi hawakusema kitu. Wakitaka kunichukua, nipo.

Jumanne, 11 Februari
Hakuna. Rosa amepika wake. Sikuweza kuumeza.

Alhamisi, 13 Februari
Fundi amemaliza. Dari haivuji. Juu hakuna kitu.
Asubuhi nilisikia bakuli likiwekwa kizingitini. Nalongo hakubisha hodi, hakuingia. Miguu haikuniinua, na Rosa aliporudi kutoka kisimani uji ulikuwa umepoa. Haukuwa umefunikwa.
Nimeunywa wote.