Kondoo Ameshaliwa

Tengeru, njia ya kupandia mlimani,
Arusha.
14 Julai 2025.

Mpendwa mpwa wangu Nashipae,

Marahaba, mwanangu. Najua hujaniamkia, na simu zangu hupokei, lakini nimeitikia mapema ili usipate shida ya kuanza. Hujambo huko Songea? Wanafunzi wako wanakusikia? Kile kikohozi kimekuachia? Huku Julai ni Julai, mlima umejifunika ukungu mpaka shingoni na sisi tumejifunika mablanketi. Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo, subiri kidogo.

Kahawa imezaa. Tawi moja shambani kwangu lilivunja nguzo ya kulitegemeza, mpaka bwana shamba akaja kulipiga picha. Haya, niache. Sikukaa chini kuandika habari za kahawa. Nimekaa kuandika habari za shingo ya mama yako.

Kile kivimbe ulichokiona Krismasi, daktari wa mjini alikipiga ultrasaundi, kisha akakichoma sindano kutoa sampuli. Mimi ndiye niliyemsindikiza dada yangu kusikiliza majibu. Daktari alisema seli zake zinatia shaka. Si saratani iliyothibitika, wala hawezi kuapa kuwa si saratani. Akasema wengi wenye majibu kama hayo wakipasuliwa hukutwa hawana saratani yoyote, basi tusikimbilie kisu. Sindano irudiwe, bingwa mwingine naye asome, sampuli ipelekwe mbali ipimwe vinasaba. Kuondoa tezi ya shingo si kung'oa jino, alisema. Mtu anaweza kumeza vidonge maisha yake yote, na mshipa wa sauti umepita hapo hapo.

Mama yako aliyaelewa yote. Mimi nilisikia neno moja tu, shaka, na kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshaligeuza saratani.

Hapo ndipo nilipokupigia. Nilikwambia imethibitika, na kwamba mama yako anaogopa kisu. Nashipae, uongo ule si kama wa yule nyati wa Momela niliyemkazia macho mpaka akaniomba njia. Wa nyati haujamdhuru mtu, hata nyati mwenyewe.

Kisha nikaita ukoo, nikachinja yule kondoo wa mkia mnene. Unajua mambo ya kwetu. Mgonjwa akishakunywa mafuta ya kondoo mbele ya watu, amekubali lililo mbele yake, na kurudi nyuma ni kuwaaibisha wote waliokula nyama. Nikasimama nikawasimulia jinsi nilivyompasua uvimbe ng'ombe wa mzee Lemomo, na kesho yake akajaza ndoo ya maziwa. Halafu nikamgeukia dada yangu mbele ya mashemeji zake.

"Ndeshi, binti wa baba yetu, kumbe kisu unakiogopa?"

Alichukua kikombe akanywa mafuta yote, na macho yake hayakutoka usoni mwangu. Nawe ulipompigia ukamuuliza ujasiri wake ameupeleka wapi, simu ilikuwa kwenye spika, nami nilikuwa nimekaa pale natikisa kichwa kama mtu mwenye hekima. Sauti ilikuwa yako, mwanangu. Maneno yalikuwa yangu.

Tukarudi kwa daktari kuomba tarehe ya upasuaji. Akashangaa, akamuuliza mama yako ni nini kimebadilika. Mama yako akasema kwa upole, "Kondoo ameshaliwa, daktari."

Daktari akanigeukia mimi. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza habari za ng'ombe.

"Mzee Gadiel," akanikata, "dada yako si ng'ombe. Na huyo ng'ombe alikuwa na nini hasa?"

Lilikuwa jipu. Tena lilipasuka lenyewe, kisu changu kilikuta kazi imeisha. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia yeye, mama yako akisikia, nikatamani sakafu inimeze.

Mama yako akasema basi, arudiwe sindano kwanza. Nilimshika mkono nimtie nguvu. Nikaona sindano inaingia, na nilipofumbua macho mimi ndiye niliyelala kitandani, naye ndiye aliyenishika mkono. Ukisikia watu wanasema ilikuwa njaa, ujue ni mimi nimewaambia.

Majibu yametoka. Mabingwa wote wawili waliosoma sampuli hawakuona saratani, na vinasaba havikuonyesha ubaya. Daktari haapi, kwa maana kipimo hakiapi, ila kisu amekiweka chini. Mama yako atakuwa anarudi kupigwa ultrasaundi, na kikibadilika watajua. Shingo yake ni nzima. Jumapili aliongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, nami nikawa natazama pale koo linapocheza, nikajua ni mahali nilipotaka pakatwe kwa sababu tu kungoja kulinishinda.

Nimewaita tena wale wale waliokula kondoo. Safari hii sikuchinja kitu, walikunywa chai tupu. Nikawaambia Ndeshi hakuogopa kisu, Gadiel ndiye aliyeogopa kungoja, na kwamba nilimdanganya mtoto wake ili amsukume mama yake. Kisha mzee Lemomo akasema, "Gadiel, leo kwa mara ya kwanza umesimulia jambo na hakuna nyati ndani yake."

Mama yako akacheka. Alicheka mpaka akashika shingo yake mwenyewe. Sistahili kuambiwa nimesamehewa, lakini kicheko kile nilikisikia.

Ananiuliza mbona siku hizi ukipiga unakata haraka. Najua ni aibu ya yale uliyomwambia. Aibu hiyo ni yangu, nirudishie. Mpigie, ukae naye, umsikie anavyoongea. Kwangu utapiga ukipenda.

Mjomba wako mdogo Ndesanjo anakusalimu, bibi Marta pia, na mzee Lemomo anasema ng'ombe wake naye hajambo. Mungu akulinde huko uliko, akuepushe na wasemaji kama mimi.

Ni mimi nikupendaye hata ukiwa umeninunia,
Mjomba wako,
Gadiel