Mishipa ya Miaka Themanini na Tatu

Jumatatu, 15 Januari
Themanini na tatu! Mimi nina sabini na mbili, lakini mishipa yangu ya damu, eti, ina themanini na tatu. Mashine ya kliniki imesema. Marisol, binti wa vipimo, mgeni kutoka Texas, alinigandamizia kitu kama kalamu kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo yanapogonga, na mawimbi yakaanza kupanda na kushuka kwenye skrini. Wimbi likirudi upesi, alisema, ujue mshipa umekakamaa. Langu linarudi mbio.

Karin, binti yangu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Hata koti hajavaa, akataka funguo za pikapu. Eti hakuna tena kwenda kuvua samaki peke yangu juu ya barafu ya ziwa. Nikamwambia kibanda changu cha kuvulia kule ziwani nilikijenga na marehemu baba yake, na nitatolewa humo nimebebwa. Funguo zimo kwenye soksi yangu.

Jumatano, 17 Januari
Nimeenda ziwani. Ndiyo, peke yangu! Barafu nene, upepo wa kukata masikio. Samaki wawili. Moyo haukunung'unika. Karin kapiga simu weee — sikushika.

Jumapili, 21 Januari
Kahawa kanisani baada ya ibada. Inga, jirani yangu wa benchi, akanikaribisha keki. Nikakataa. Akanikaribisha tena, nikakataa. Mara ya tatu nikachukua, ndiyo adabu yetu huku Minnesota. Natafuna, mara akili ikanijia — blanketi!

Siku ile ya kipimo nilitoka ziwani moja kwa moja hadi kliniki, mikono imekufa ganzi. Marisol akauliza kama nataka blanketi. Nikasema hapana, usijisumbue. Nikangoja aulize tena. Hakuuliza! Kwao Texas, hapana ni hapana. Nikapimwa natetemeka. Nimekasirika hadi keki imenikwama.

Jumatatu, 22 Januari
Nimempigia Marisol. Kweli, baridi hubana mishipa na kuharibu kipimo. Kaomba radhi, maskini, wakati kosa ni langu. Kasema nirudi keshokutwa, nimevaa vizuri, na nisinywe kahawa. Kahawa! Haya, nitavumilia.

Jumatano, 24 Januari
Leo Marisol alipotaja blanketi tu nikasema ndiyo, papo hapo. Niliona aibu, kama mlafi. Nikakaa mpaka vidole vikapata rangi. Kalamu ile kifundoni. Mawimbi. Sabini na saba.

Nikashangilia. Karin akasema bado ni miaka mitano zaidi, Mama. Nikamwambia hiyo mitano ni ya kukulea wewe. Marisol alicheka, Karin hakucheka. Kusema kweli niliogopa kidogo. Nilitaka mashine iseme sitini.

Sasa tuko jikoni kwangu. Naandika, Karin anaosha vyombo. Funguo ziko mezani, nimezifunika kwa kiganja. Hajaziomba. Amesema tu, bila kugeuka, "Jumamosi nitakupeleka ziwani mimi. Tukae wote kibandani."

Hapana, nikasema, usijisumbue, una kazi zako.

Akasugua sufuria. "Si usumbufu, Mama. Nitakuja."

Hapana, nikasema mara ya pili, naweza mwenyewe. Na naweza!

Amefunga maji. Anafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Huyu si mtu wa Texas, huyu nimemlea mimi. Anageuka —