Konokono Aliyetoka Tumboni mwa Samaki

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hapa Kianyaga tu wazima. Cucu, bibi yako, anakusalimu sana, na ng'ombe wetu amezaa ndama mweusi mtundu ajabu. Nimefurahi kusikia kwamba unasomea viumbe wa baharini. Umeniuliza mtu hujuaje kwamba amegundua kitu kipya. Mimi, kwa kweli, sikujua.

Nilikuwa kijana, mpishi kwenye meli iliyochunguza bahari kwa miezi saba. Mtaalamu wa viumbe alikuwa Daktari Naliaka. Kwa wiki tatu wavu wake ulileta matope tu, hata akaacha kula. Asubuhi moja nikipasua samaki wa mchana, nikaona tumboni konokono mdogo mwenye nywele kwenye gamba. Nilitaka kumtupa, lakini konokono wa shambani nawajua, na sikuwahi kuona mwenye nywele. Nikampelekea Daktari kwenye sahani.

Alimtazama kwa lenzi, akamgeuza, akamtazama tena.

"Mwangi, umemtoa wapi huyu?"

"Tumboni mwa samaki. Kwani ni mbaya?"

"Mbaya? Huyu hayuko kwenye kitabu chochote!"

Akanishika mikono, tukacheza mpaka nahodha akaja kuona kuna nini. Mchana huo alikula sahani mbili. Kuanzia kesho yake alileta kiti chake jikoni, nami nikipasua, yeye anatazama. Tulipata viumbe wapya wengine wanne. Yeye alikuwa na elimu, mimi nilikuwa na kisu.

Kwa hivyo siku utakayopanda meli, Wanjiru, kwanza kamsalimu mpishi.

Guka yako anayekupenda,
Mwangi