Dubwana Halikuwa na Mtoto

Baba Riziki,

Wewe ni mwongo, na kufa hakujakusafisha. Ningekwambia hivyo mbele ya jeneza, lakini siku ile nilikuwa bado sijui. Nimejua juma la tano baada ya kukuzika, nimekaa kwenye kitanda chako hapa Point, Durban, viatu vyako vikiwa bado chini yake. Usijifanye hunisikii. Miaka yote ulijifanya hivyo. Sasa una sababu nzuri, lakini mimi sijaikubali.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la tatu nililosoma linatosha kukugombeza.

Yaliyobadilika ni machache. Lifti ya jengo bado imekufa, haikukungoja. Koti lako la kijivu amelichukua mdogo wako Bahati, na lile koti ndilo linamvaa yeye. Riziki amerudi kazini salon, ananyoa watu. Na Jumapili moja binti yake Sifa alikuja na kompyuta ya shule, akaniambia mimi bibi yake, "Koko, nimeipata ile filamu ya mzee. Inaonekana vizuri kuliko diski yake, tena iko na sauti yote."

Ile filamu. Ya zamani, ya Wajapani, dubwana linatoka baharini na kukanyaga mji. Ile uliyotutafsiria kila siku ya mwaka mpya kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya duka la simu, umesimama kando ya televisheni na maikrofoni, rimoti mkononi, Wakongo na Watanzania wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wale Wajapani walikuwa wamebandikwa Kiingereza, midomo inakwenda huku, maneno yanakwenda kule. Wewe ulikuwa unaizima sauti yao kabisa na kuifungua dubwana likinguruma tu. "Nisiwachanganye," ulikuwa unasema. Sasa najua ni nani aliyekuwa anaogopa.

Mimi ni fundi wa kushona, na nilikwambia tangu mwanzo: lile ni vazi, na limeshonwa vibaya. Magotini linakunjika kama suruali ya kurithi. Likigeuka upesi zipu inaonekana mgongoni. Mkono wa kushoto umewekwa juu kuliko wa kulia, mteja angenirudishia. Helikopta inaning'inia kwenye waya. Kifaru kimoja cha jeshi, cha kuchezea, kinapinduka, na gurudumu linaendelea kuzunguka hewani, hakuna hata aliyejali kulisimamisha. Maji ya bahari ndiyo mabaya kuliko yote, matone makubwa kama vichwa vya watu, maji ya beseni kabisa. Mimi bahari iko hapo nje, hawawezi kunidanganya. Na yule mama mwenye furushi anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia, akapita tena, akapita tena, bila kurudi. Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja. "Huyo tena," watu wanasema, na wewe unamtolea sauti: "Nimesahau sufuria jikoni." Watu wanashika mbavu. Nami nilicheka, sikatai.

Wala sitasema yote ilikuwa mbovu. Ule mji mdogo ulitengenezwa na mtu. Alikaa akatia mapazia kwenye kila dirisha, akaanika nguo ndogo kama kucha kwenye kamba, huku akijua mguu unakuja. Fundi wa namna hiyo ningemkalisha kwenye cherehani yangu bila kumuuliza alikosoma. Na lile jicho la dubwana, moja linafumba, la pili linachelewa. Kila mwaka nililingoja. Likifumba nasahau zipu.

Ila hadithi ilikuwa yako. Ulituambia dubwana ni mama. Mabomu yalimwamsha chini ya bahari, mtoto wake akapotelea huku juu, ndiyo maana anafunua mapaa ya nyumba: anatazama kama yumo. Mwishoni ameanguka bandarini, moshi unamtoka, na kitu kidogo kinajongea majini kumfuata. Hapo ulikuwa unashusha sauti na kusema kitoto, "Mama, nimefika." Wanaume wazima walijifuta kwa mikono ya mashati.

Na mimi, mjinga wako, nikawaombea Wajapani. Kila Jumapili ya kwanza ya mwaka nilisimama kanisani nikasema Mungu awabariki watu wa Japani kwa maana wanajua uchungu wa mama. Wewe umekaa palepale kwenye benchi, unasema amina.

Basi nikamwambia Sifa afungue sauti anipe neno kwa neno. Akanipa. Dubwana halina mtoto. Wala si mama, wanasema ni dume. Linavunja kwa sababu ndiyo kazi yake. Na kile kitu kidogo majini, daktari mwenye miwani anakinyooshea kidole, anasema neno. Sifa akaisimamisha picha. Nikamuuliza, amesema nini? Akasema, "Eish, Koko, tuache." Nikamwambia mimi si yai, sema. Akasema, "Anasema ni mkia wake. Umekatika. Anasema utajitikisa kidogo, halafu utaacha."

Mkia. Miaka yote hiyo nimelilia mkia.

Na usiniambie hukukijua Kiingereza. Mtu asiyejua anabahatisha, leo hivi, kesho vile; wewe hapa umesema lilelile miaka yote. Kubahatisha ulibahatisha kule kwetu Uvira, kabla ya vita. Mimi nauza maandazi mlangoni pa kibanda chako cha video, wewe unapiga kelele ndani, na masikio ninayo. Wiki hii dubwana limekuja kudai mahari, wiki ijayo linamsaka mchawi aliyeliroga. Mtoto hakuwemo. Mtoto aliingia baada ya daraja.

Nitaliandika daraja, kwa kuwa wewe umekwenda bila kulisema.

Siku tuliyokimbia nilikuwa na Riziki mgongoni, anaharisha, na mzigo kichwani. Neema alikuwa na miaka minne, anajitembelea. Nilimwambia, "Shika shati la baba." Akalishika. Wewe ulibeba deki ya video na kanda zako, maana ulisema bila deki tutakula nini huko mbele. Pale darajani watu wakasukumana. Deki ikataka kuponyoka. Ukaikumbatia kwa mikono miwili, ukageuza mwili ili isigongwe. Nilikuona. Uligeuka haraka, kwa nguvu, kama mtu anayekinga kichanga. Ulipomaliza kugeuka, shati halikuwa na mtu.

Tuliita siku mbili. Sauti yako ilikauka, na hilo nalo naliandika, nisikuonee. Lakini deki haikupata hata mkwaruzo.

Na kabla ya daraja watu walituitaje? Baba Neema, Mama Neema. Upande wa pili ulipoulizwa jina ulijibu Baba Riziki. Nami nikakufuata, nikawa Mama Riziki, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilidhani ni kwa siku chache. Hilo ni kosa langu. Nikimtaja mtoto, unatoka nje kuvuta sigara. Nikasema ana uchungu, nimwache. Kumbe wewe ulikuwa umempeleka kwa Wajapani. Kila mwaka mpya unamrudisha mbele ya watu, mzima, kwa mdomo wako mwenyewe, unapigiwa makofi, halafu unarudi nyumbani unadai ugali wako uwe wa moto.

Ikakaribia siku ya kumaliza matanga. Bahati akataka filamu ionyeshwe ukumbini kwa heshima yako. "Sauti ya kaka haipo tena," akasema, "tufungue ile ya Kiingereza, hapa Durban vijana wote wanasikia." Sifa akanivuta jikoni. "Koko, wakisikia Kiingereza watajua mzee alikuwa anawadanganya. Maneno yake unayajua wewe. Yaseme wewe." Na alisema kweli. Nikiyasema, unabaki Mzee Filamu wao. Nikikataa, unachekwa kwenye matanga yako mwenyewe. Jina lako lilikuwa kitambaa, na mkasi nilikuwa nao mimi.

Siku nne nilikaa kwenye cherehani. Nilishona kola moja, nikaifumua, nikaishona.

Jumamosi mchana nikachukua maikrofoni. Dada mmoja wa Tanzania akasema kutoka nyuma, "Bibi, leo umejua Kijapani?" Nikamjibu, "Sikijui. Marehemu naye hakukijua, na ulikuja kila mwaka." Wakacheka. Nikaizima sauti, nikaanza. Nilikuwa hodari kuliko wewe, uelewe hivyo. Wanajeshi niliwatolea sauti ya Bahati, na watu wakamtambua, yeye mwenyewe hakujitambua. Yule mama wa furushi alipopita mara ya tatu nilimwambia, "Dada, keti, ni vazi tu lile."

Nilikuwa nimeamua kukuficha. Ninaapa. Nilisema maneno yako yote mpaka bandarini. Dubwana likaanguka. Moshi ukatoka. Kile kitu kikaanza kujongea, na ukumbi ukatulia, wanangoja kitoto. Nikaitafuta sauti ndogo, ikaja, lakini haikuwa ile yako. Ilikuwa ya Neema mwenyewe, namna alivyokuwa akilivuta neno mama kama analipandisha mlima. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikashindwa. Nisingeweza kumtia mwanangu ndani ya mkia.

Nikasema, "Huu ni mkia, umekatika. Humu hamna mtoto. Mtoto ni wetu, anaitwa Neema, alipotea darajani na miaka minne, baba yake amekumbatia deki."

Bahati akaninyang'anya rimoti. "Shemeji, unamvua kaka nguo mbele ya watu." Nikamwambia nguo zake amezikwa nazo, nilizishona mimi. Akaondoka bila kula, na koti lako. Wengine wakainama. Riziki alisimama pale na sahani mkononi, mtu mzima mwenye binti, akauliza polepole, "Mama, mimi niko na dada?" Hukumwambia. Sikumwambia. Nikamjibu, "Uko na dada mkubwa." Akaweka sahani chini, akaniomba nimweleze alifananaje.

Tangu siku hiyo jengo zima linaniita Mama Neema. Nageuka upesi kuliko nilivyogeukia lile jina lingine.

Usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui kama nitafanya hivyo. Yale makofi yote ungempa yeye mara moja tu, nyumbani, kwa kulitaja jina lake, ningekubebea deki mwenyewe. Jumatatu naenda na Riziki na Sifa kwenye ile ofisi inayotafuta watu waliopotea katika vita. Nitaandikisha jina lake, daraja, na gauni la njano nililomshonea. Hiyo ni ahadi, na nimempa yeye, si wewe. Wewe nakuaga tu. Nenda. Umekawia vya kutosha chini ya hiki kitanda.

Lakini usiende kulala. Huko uliko watu ni wengi, na safari hii mikono yako ni mitupu. Pita mstari kwa mstari, umtafute. Ukimwona, usimpe hadithi, piga magoti umwambie ulikuwa umebeba nini. Na ukimkosa, ukihakikisha kabisa kwamba hayumo kati ya wafu, basi rudi mara moja tu, mchana, nikiwa kwenye cherehani, uniambie.