Chupa ya Darasa la 1961

Hohenlaar, 14 Aprili 1991

Kwa Dada Roswitha,

Ndiyo, umesikia vizuri, wala shangazi Hedel hakukudanganya: nimepewa funguo za shule. Mimi! Ekke! Yule yule waliyemtimua darasa la nane kwa kuwauzia wenzake majibu ya hesabu, tena majibu yenyewe yalikuwa ya uongo!

Lakini salamu kwanza, usije ukasema mtoto wa mchungaji hana adabu. Hujambo, dada? Goti linasemaje? Huko Bremen mvua imekoma au bado inajipanga? Sisi huku wazima. Kiwanda cha saa kimefungwa, kwa hiyo mji mzima hatujui saa ngapi, ila kila mtu anauza kitu. Jirani anauza mazulia, mwenzake anauza ndizi, mimi nauza chochote kisichokimbia. Nimenunua gari bovu la posta, la njano. Likiwaka, mbwa wa mtaa mzima wanaitika.

Sasa sikiliza. Shule inatimiza miaka mia, Jumamosi tarehe 29 Juni. Mkuu mpya, Bwana Dornbusch, ni mtu wa upande wenu wa magharibi, mpole, hajui darini kuna nini. Kaniita nimsafishie. Dada, historia yote ya shule iko kule juu, nami naishusha kwa mikono miwili! Kuna picha ya tajiri wa bia aliyeijenga. Mzee Wuttke, mtunza shule, anasema tajiri alikuwa na watoto wanne wa kiume, wote vichwa vigumu, shule za mjini zikawakataa, mkewe akamwambia basi wajengee yao. Akajenga, na mnara juu. Na hata humo wawili wakafeli! Kuna vitanda vya chuma vya vita vile vya kwanza, shule ilipokuwa hospitali. Kuna bango la jina la shule la wakati wa chama cha kikomunisti, limepakwa rangi juu ya bango la kabla yake, nalo limepakwa juu ya lingine. Ukilikwangua unazidi kukuta shule nyingine.

Na kuna sinia za mbao za kufugia viwavi vya hariri! Za wakati wa vita vya pili, watoto walipofundishwa kufuga ili parachuti zishonwe. Nilipoziona nikakukumbuka wewe, maana ulikuwa unatoroka kipindi cha kuimba na kujificha kwenye ule ua wa miforosadi waliowapandia viwavi, unakula forosadi mpaka blauzi inakuwa ya zambarau, na mama anafoka. Wenzako si walikuita Kiwavi?

Mwaka huu ni zamu ya darasa lenu kufungua chupa yake, ile iliyofukiwa chini ya mti wa darasa mwaka wa kumaliza. 1961 ukijumlisha thelathini, piga mwenyewe, wewe ndiye msomi. Njoo!

Mdogo wako,
Ekke

*

Bremen, 22 Aprili 1991

Mdogo wangu Ekkehard,

Nimefurahi kupata barua yako. Natumaini u mzima na unakula kitu kingine zaidi ya soseji. Mimi sijambo, goti linauma nikipanda ngazi, na shuleni kwangu ngazi ni nyingi. Wanafunzi wangu wanakusalimu; niliwasomea ile ya watoto wanne wa tajiri.

Lakini chupa usinitajie tena. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mama hakutaka ujue, basi nakuambia leo mara moja tu. Mwezi wa tano 1961 watu wa chama waliniletea karatasi nisaini kwamba namkana baba na mahubiri yake. Nikakataa. Wakaliita darasa zima kwenye ukumbi wa juu, wakauliza nani anataka Roswitha aondoke shuleni. Ilikuwa imebaki wiki tatu tu tufanye mtihani wa mwisho. Mikono kumi na mitano, Ekke. Tulikuwa kumi na sita. Niliihesabu. Wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Ingelore, aliyekuwa akikaa nami dawati moja tangu tukiwa wadogo, na ndiye aliyenipa hilo jina la Kiwavi.

Baada ya siku tisa nikapanda treni ya Berlin na begi moja. Mwezi wa nane ukuta ukajengwa. Nilimaliza shule huku, nikawa mwalimu, sijambo. Lakini mti waliopanda ni mali yao, na chupa waliyofukia ni yao. Mimi sina kitu pale.

Vaa sweta.

Dada yako,
Roswitha

*

Hohenlaar, 8 Mei 1991

Dada,

Shikamoo, u hali gani, goti je, basi, tumemaliza. Nimefanya kosa la jinai!

Ulipoandika kwamba huna kitu pale, nilikaa nayo siku tatu. Halafu nikasema, Ekke, wewe una beleshi, una funguo, na Bwana Dornbusch ameenda mkutanoni. Kwa nini usichungulie tu hiyo chupa ya 1961 uone kama jina la dada limo? Unachungulia, unaziba, unarudisha. Nani atajua?

Unaijua ile safu ya milinde kando ya ukuta, kila darasa linalomaliza na mti wake, na chupa chini yake. Nikahesabu kutoka geti, nikachimba, chupa ikatoka, nta ikavunjika kama yai. Ndani nini? Karatasi ndogo za kuibia mtihani wa Kilatini! Kumi na nane, kila moja na jina la mwenyewe, na juu wameandika, "Hizi ndizo zilizotuvusha." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikasoma majina, na la tatu ni la meya wetu wa sasa! Yule anayehutubia kila wiki habari za uaminifu!

Dada, nilikuwa nimefungua ya 1962. Hiyo bado mwaka mmoja!

Nageuka, mzee Wuttke kasimama nyuma yangu na ndoo.

"Umehesabu kutoka wapi, pumbavu wewe?"

"Kutoka getini."

"Kila mtu huku anajua kwamba hatuhesabu kutoka getini! Baridi ya 1946 ilikula mti mmoja. Waliukata wakaota moto. Wasiojua hesabu ndio hao hao wanaofukuzwa darasa la nane."

"Mzee, kwani walikuambia?"

"Nani asiyejua? Majibu yako nilimnunulia mwanangu."

Tukafukia pamoja. Meya alipita kesho yake, nikamsalimia kwa Kilatini, maneno mawili tu niliyoyasoma pale. Sasa banda langu la soseji kwenye sherehe liko mlangoni kabisa, na sikuomba.

Lakini habari yenyewe hii hapa. Wuttke akanitolea daftari la chupa, ambalo kila mtunza shule humwachia anayemfuata. Karatasi za ofisini zinasema darasa la 1961 walimaliza wanafunzi kumi na watano. Daftari linasema: chupa ya 1961, majina kumi na sita.

Kumi na sita, dada!

Na unaikumbuka sheria: chupa haifunguliwi na nusu ya darasa. Marehemu anasimamiwa na ndugu yake, lakini aliye hai lazima aje kwa miguu yake. Asipokuja mmoja, chupa inarudi ardhini miaka mingine thelathini. Wuttke anasema tangu ukuta ujengwe karibu zote zimerudi ardhini, maana kila darasa lilikuwa na mtu upande wa pili. Sasa ukuta umeanguka, na wote wanaweza kuja. Wenzako wameshajiandikisha wote, wawili wamefariki na ndugu zao wamejiandikisha. Bado mmoja.

Nilifikiria kukufisha ili nisimame mimi. Samahani.

Mdogo wako,
Ekke

*

Bremen, 17 Mei 1991

Ekke,

Salamu nyingi. Nimecheka peke yangu jikoni, na hilo nakulaumu.

Kumi na sita maana yake si mimi. Labda walimhesabu mwalimu wa darasa. Labda mtunza shule wa siku zile alikuwa amesoma kwako hesabu. Usinitafutie maana kwenye madaftari. Na nakuomba jambo moja, mimi dada yako: usiende kwa Ingelore.

Na usimsumbue meya.

Dada yako,
Roswitha

*

Bremen, 5 Juni 1991

Ekke,

U mzima? Mbona kimya? Wiki karibu tatu sijapata neno. Shangazi Hedel ananiandikia habari za nyonga yake tu. Umefungwa? Gari limekuangukia?

Si kwamba nauliza habari za chupa.

Roswitha

*

Hohenlaar, 16 Juni 1991

Dada mpenzi,

Sijafungwa! Mzima wa afya, nimenenepa kidogo, na wewe natumaini goti limetulia maana utalihitaji. Nilikaa kimya kwa sababu ulinikataza kwenda kwa Ingelore, nami nilikuwa natafuta namna ya kukutii. Sikuipata.

Nisimulie polepole, mkono unakimbia kuliko kichwa.

Baada ya barua yako ya kicheko nilikwenda na Wuttke tuutafute mti wenu, kwa hesabu sahihi safari hii. Mlinde, mlinde, mlinde, tukafika. Nikasimama. Dada, mti wenu si mlinde. Safu nzima ya miaka mia ni milinde, na hapo katikati umesimama mmoja mfupi, mnene, umepinda kama mlevi anayemwegemea rafiki. Nikaokota jani. Nikatazama juu. Kuna vitunda vibichi vimejaa.

Mforosadi!

"Kitabu cha sherehe kinasema milinde iliadimika mwaka ule," anasema Wuttke.

"Iliadimika wapi? Milinde imejaa nchi nzima!"

"Mimi sijaandika kitabu. Mimi nafagia."

"Nani aliupanda?"

"Muulize anayeutunza. Mwalimu wa biolojia. Kila mtu akija na mkasi huyo mama anatoka mbio na kalamu nyekundu mkononi."

Ndiye Ingelore, dada. Nywele nyeupe kabisa. Nikajitambulisha, akakaa chini kabla sijamaliza jina. Nikajiandaa atajitetea, nikawa nimemwandalia matusi mawili mazuri. Hakujitetea.

Akasema, "Mwambie niliinua mkono. Usimwambie nililazimishwa. Baba yangu alikuwa ameshatishwa, lakini baba wa watu wengi walikuwa wametishwa, na mimi ndiye niliyeinua wa kwanza, kwa sababu nilijua wakinisubiri nitashindwa. Hiyo ni kazi yangu mimi, nimeibeba."

Nikamuuliza, na mti?

Akasema siku ya kupanda, mkuu wa wakati ule alileta mlinde wake na hotuba yake. Wakafukia wakampigia makofi. Alipoondoka kwenda kula, wote kumi na watano wakaung'oa. Walikuwa wamechimba chipukizi kwenye ule ua wa viwavi, pale pale ulipokuwa unajificha, wakalipanda badala yake. Hakuna aliyethubutu kulitaja jina lako kwa sauti, dada. Basi wakapanda jina lenyewe. Chakula cha Kiwavi.

Na chupa wakaifungua, wakatoa karatasi ya mkuu, wakaweka ya kwao. Nikamuuliza imeandikwa nini. Akakataa. Anasema hiyo ni ya kusomwa na kumi na sita. Ila alinionyesha kidole cha shahada, akasema, "Hatukuwa na wino wenye ujasiri wa kutosha, tukaandika kwa kidole na maji ya forosadi."

Wuttke akaingilia, unamjua hawezi kunyamaza: "Mjinga gani anapanda mti mwezi wa saba, jua kali? Ulikuwa ufe!"

Akamjibu, "Ndiyo. Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni. Siku ile redio ilipotangaza wanajenga ukuta Berlin nilikuwa nimeshika ndoo. Nikasimama, sikujua nifanye nini, nikaenda kumwagilia."

Matusi yangu mawili nilirudi nayo nyumbani.

Sikukuandikia siku ile ile kwa sababu nilimwahidi Ingelore nisubiri mpaka aamue kunipa kitu. Jana ameamua, ndicho hicho kwenye kiboksi, usikitikise: jamu ya forosadi. Ya mwaka jana, ya mwisho, amekuwa akipika kila mwaka tangu mti uzae, na kila mwaka kopo moja anaweka pembeni haliguswi. Nilimwambia naweza kuziuza zote kwenye banda langu kwa bei ya kumtisha mtu. Alinipiga na kitambaa cha jikoni. Nafuta machozi, nadhani ya kicheko.

Sasa dada, mimi si msomi, mimi ni mfanyabiashara, nakuletea biashara. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 29. Usipokuja, chupa inarudi ardhini mpaka 2021. Wewe utakuwa na miaka sabini na minane, na goti lako litakuwa na mia mbili. Wuttke hatakuwepo wa kutufundisha kuhesabu.

Ofa ya kwanza: unapanda treni Ijumaa. Nakupokea stesheni na gari la posta, mbwa wote wataitika, mji mzima utajua umerudi. Matonge ya viazi napika mimi, soseji bure maisha yako yote. Husalimiani na mtu usiyemtaka. Unasimama wa kumi na sita, chupa inafunguliwa, unasoma. Kama ndani yake hakuna kitu cha thamani ya nauli yako, nafunga mdomo wangu mwaka mzima, na unajua hilo ni jambo ambalo hata serikali iliyopita ilishindwa kulifanya.

Ofa ya pili, ukiikataa ya kwanza: sheria inasema ndugu husimama mahali pa marehemu tu. Basi kaa kitako, chukua kalamu, niandikie kwa mkono wako mwenyewe, na sahihi chini, kwamba umekufa. Nitaipeleka kwa Wuttke, nitavaa suti nyeusi, nitasimama mahali pako na nitalia vizuri.

Lakini onja jamu kwanza, ndipo uandike.

Mdogo wako,
Ekke