Hii B Nimeitoa Wapi?

Kisumu, 4 Machi 2024

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Tumbo linaendeleaje? Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako hushikwa na kila mtu hapo nyumbani. Obiero, muuza dagaa wa omena, atakuletea.

Nilienda hospitalini hapa Kisumu kutoa damu ya upasuaji wako. Wakasema wewe ni O, mimi ni AB. Daktari akanieleza kwamba kila mzazi humpa mtoto sehemu yake. Baba ni A, hiyo naielewa. Lakini B ingetoka kwa mama, na mtu wa O hana B ya kumpa mtoto. Nikamwambia mashine yao imeharibika. Wakapima tena, ikawa ileile. Mama, hii B nimeitoa wapi?

Binti yako,
Dorca

Usenge, 10 Machi 2024

Nyathina, mwanangu Dorca,

Salamu zimefika. Tumbo bado linasumbua.

Barua yako imenichanganya. Herufi sizijui, lakini hiyo B itakuwa ya marehemu mama yako mdogo, Jacinta. Nilipokosa mtoto, nilimleta yeye, mdogo wangu wa damu, aolewe na baba yako azalie nyumba yangu, kama walivyofanya wa zamani. Alikuzaa, akakuweka mapajani mwangu. Mbona unauliza? Usenge nzima inajua. Ulivyomlilia siku ya mazishi, nani angedhani hujui?

Mama yako

Usenge, 2 Aprili 2024

Dorca,

Hujambo? Obiero amerudi mikono mitupu, na simu hupokei. Upasuaji ni Jumatatu. Kisu sikiogopi, naogopa kuamka nisikuone. Ningejua hujui, ningekuambia mwenyewe.

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sasa sijui kama nina haki ya kuusema, na uchungu ninao.

Hapa chini sijui niandike nani.

Kisumu, 5 Aprili 2024

Mama,

Habari za huko? Mimi sijambo, ila nimelia, na hasira bado ninayo. Watu wote wajue isipokuwa mimi! Hilo tutalizungumza ukipona.

Leo nimerudi hospitalini. Damu yangu haiwezi kuingia kwako, lakini wamesema nikiitoa atapewa mwingine, na wewe utapewa O ya mtu mwingine. Nimetoa. Basi kuna mtu nisiyemjua atakayetembea na damu ya Jacinta, na wewe utakuwa na ya mtu usiyemjua, na bado ukiamka utanigombeza kwamba nimekonda. Sielewi vizuri, lakini ndivyo ilivyo.

Nimekurudishia barua yako kwa Obiero. Chini haina jina. Lijaze, uje nayo Jumapili.

Mwanao,
Dorca